Kabla hujaiegemea kinga ya kuugua

Mwishoni mwa Agosti 2021 nilikuwa nimekaa meza ya kuandikisha kwenye kituo cha chanjo ya korona hapa Tanga. Akaja mama mmoja muuza samaki wa Sahare, amemshika mkono mama yake mzazi. "Mwandike huyu bibi," akaniambia. "Mie nshaugua dude hili mara mbili. Damu yangu inajua."

Nikamwandika bibi. Yule mama nilitaka kumjibu pale pale nikakwama, maana alichosema kilikuwa na ukweli ndani yake. Damu yake ilikuwa inajua. Kilichobaki ni kuuliza inajua nini, tangu lini, na kama ujuzi huo utamtosha yeye na huyo aliyemshika mkono. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimemzika mjomba wangu. Mjomba maswali hayo sikumuuliza, na mimi ni mteknolojia wa maabara, kazi yangu ni damu.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajachanjwa, au anayeishi na wengi wasiochanjwa, na anataka kujua kinga iliyotokana na kuugua inafaa kuegemewa kiasi gani. Nitatumia korona kwa sababu ndiyo niliyoiona kwa macho yangu. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa Machi 2020. Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021. Katikati hapo, tangu Mei 2020, hesabu ya wagonjwa ilisimama kwenye 509 na vifo 21, na mtu akifa tulisema alikuwa na changamoto ya upumuaji. Kwa miezi 16 kinga yetu ilikuwa ile ya kuugua.

Jua kwanza umepimwa nini

Kipimo cha puani kinatafuta kirusi chenyewe, kwa hiyo kinazungumzia leo. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza baada ya kupambana, kwa hiyo kinazungumzia yaliyopita. Nimeona watu wakija na majibu ya damu wakidhani yanawaruhusu kwenda kumwona mgonjwa siku hiyo hiyo. Jibu la damu halikwambii kama leo unaambukiza.

Mjomba alikuja kwangu Novemba 2020. Ramadhani ya mwaka ule alikuwa ameugua wiki nzima: homa, viungo kuuma, futari haina ladha, hata uji wa pilipili manga akasema anakunywa maji ya moto. Mkaza mjomba akampigisha nyungu kila jioni, majani ya mwarobaini na mchaichai na malimau, blanketi juu. Nyungu ilimfungua pua akalala vizuri, na hilo sina ugomvi nalo. Alipopona akataka kujua kama ilikuwa yenyewe.

Kifaa cha kingamwili kinafanana na kile cha malaria ambacho kila mtu amekiona zahanati. Nikamchoma kidole cha pete upande, nikafuta tone la kwanza kwa pamba kavu, nikachukua la pili, nikadondosha na matone mawili ya dawa yake. Mstari wa C ulitoka mapema. Huo ni wa kuthibitisha kwamba kifaa kinafanya kazi. Usipotoka, tupa, hata kama mingine imejitokeza. Dakika ya 12 hivi ukaanza kuonekana wa G, mwembamba kama uzi wa cherehani. G na M ni aina mbili za kingamwili, kila moja na mstari wake. Wa M haukutoka. Kwa kawaida M huwahi kuja na huwahi kupotea, G hukaa zaidi, kwa hiyo picha ile ililingana na mtu aliyeugua miezi kadhaa nyuma.

Mstari hafifu nao ni mstari, usiupuuze. Soma ndani ya muda ulioandikwa kwenye boksi. Ukikisahau kifaa mezani mpaka kikauke, kinaweza kuchora kitu ambacho hakikuwepo. Na boksi lisikae kwenye joto la kupita nyuzi 30, jambo ambalo kwa Tanga ya Februari linahitaji uangalifu.

"Unayo, mjomba," nikamwambia.

Basi. Nilimwambia hivyo tu. Akakiomba kile kifaa, akakikunja kwenye karatasi, akatia mfukoni mwa kanzu. Sikupaswa kumpa, ile ni taka ya damu. Baadaye nikasikia anawaonyesha wenzake barazani.

Mstari ule ulikuwa na haki ya kusema kitu kimoja: mwili huu yaelekea umekutana na kirusi hiki wiki au miezi iliyopita. Haukupima kinga ni nyingi kiasi gani. Haukusema itadumu mpaka lini. Hata seli za kumbukumbu, zile zinazohifadhi sura ya adui ili mwili utengeneze askari wapya akirudi, kifaa kile hakizioni kabisa.

Jibu lenyewe linaweza kukosea

Hapa chukua karatasi uhesabu pamoja nami, maana ndipo wengi wanapoteleza, na magazeti pia.

Tuseme kipimo chetu kinawakamata watu 90 katika kila 100 walioambukizwa kweli, na kinawasingizia 4 katika kila 100 ambao hawajawahi. Ni kipimo cha heshima. Sasa kipeleke kwenye mji wa watu 1,000 mwanzoni mwa ugonjwa, walioambukizwa ni 50. Kitawapata 45 kati yao. Wale 950 waliobaki, kitawasingizia 38. Utahesabu 83 wenye kinga, na karibu nusu yao hawana.

Kipeleke kipimo hicho hicho mwaka mmoja baadaye, walioambukizwa wamefika 600. Kitawapata 540, kitasingizia 16 kati ya 400. Jumla 556. Safari hii kimepunguza. Kwa hiyo mwanzoni mwa janga kipimo hutia chumvi, na ugonjwa ukishaenea huficha baadhi ya walioupata, na huficha zaidi kadiri kingamwili zinavyopungua mwilini.

Kenya walifanya hesabu hii vizuri. Kati ya Aprili na Juni 2020 walipima damu za wachangiaji 3,098. Waliokutwa na kingamwili walikuwa 174, asilimia 5.6. Baada ya kurekebisha makosa ya kipimo na kuoanisha na umri na maeneo ya watu, wakatoa makadirio ya asilimia 4.3 kwa nchi nzima, Mombasa ikiwa juu kwa asilimia 8.0. Ukisoma tarakimu ya kinga popote, tafuta kama imerekebishwa namna hiyo. Isiporekebishwa, isome kama tetesi nzuri.

Jambo moja la haraka kwa waliochanjwa: kirusi kina miiba kwa nje na protini nyingine ndani. Chanjo za Johnson & Johnson, Pfizer na Moderna huufundisha mwili mwiba peke yake. Kipimo kikikuta kingamwili za ile protini ya ndani kwa mtu aliyechanjwa mojawapo ya hizo, basi huyo aliwahi kuambukizwa. Sinopharm hutumia kirusi kizima kilichouawa, kwa hiyo kwake mtego huo haufanyi kazi. Muulize mtu alichanjwa nini kabla hujamsomea.

Kinga dhidi ya nini?

Kama utachukua swali moja tu kutoka humu, chukua hili. Neno "kinga" kwa Kiswahili chetu linabeba mizigo miwili mizito: kutoambukizwa, na kutozidiwa. Mizigo hiyo haitembei pamoja.

Uchambuzi mkubwa uliokusanya tafiti 65 kutoka nchi 19, ukachapishwa 2023, ulionyesha hivi. Wiki 40 baada ya kuugua, kinga ya kuzuia usiambukizwe tena na aina ya kirusi iitwayo Omikroni, ile ya kwanza, ilikuwa imeshuka hadi asilimia 36 hivi. Kinga ya kuzuia usiugue vibaya ilikuwa bado karibu asilimia 89. Tarakimu ya pili ni ya kutia moyo sana, na ninawaambia watu waziwazi: kinga ya kuugua ni kitu cha kweli, mtu asikudharau kwa kusema unayo. Ila kumbuka zote mbili zinawahusu waliobaki hai baada ya mara ya kwanza. Waliokufa hawakuingia kwenye hesabu ya nani aliugua tena.

Sababu ya kupishana kwa tarakimu hizo inaeleweka. Askari wanaozunguka kwenye damu na utando wa pua hupungua kadiri miezi inavyopita, na kirusi nacho hubadilisha sura ya mwiba wake, kwa hiyo kinapita mlangoni. Kikishaingia, seli za kumbukumbu zinaamka na kuanza kazi, lakini zinahitaji siku kadhaa. Kijana mwenye mapafu mazima anazo hizo siku. Mzee mwenye kisukari anaweza asiwe nazo.

Mjomba alikuwa na miaka 71, sukari na presha. Julai 2021 alikwenda arusini Pongwe, akakaa ukumbini na watu mpaka usiku, barakoa ameiacha nyumbani kwa sababu "mpwa wangu wa maabara ameshanipima". Wiki hiyo Delta, aina nyingine ya kirusi, ilikuwa imejaa. Siku ya sita mkaza mjomba akanipigia simu kwamba amechoka choka tu. Nilipofika nilimkuta amekaa kitandani, ananiuliza habari za watoto, sentensi zake zimekamilika. Nikamwekea kipimo cha oksijeni kidoleni: 82. Nikadhani kidole kina baridi, nikasugua, nikaweka kingine. 81. Alizikwa Jumamosi, siku tatu baada ya Idi ya kuchinja, siku nne kabla chanjo haijazinduliwa.

Kwa hiyo baada ya kuusoma mstari wa G, uliza haraka mambo haya: ana umri gani, ana sukari, presha, ugonjwa wa figo, ana mimba, aliugua lini, na analala nyumba moja na nani. Yule mama wa Sahare nilimuuliza. Miaka 38, mzima, aliugua mara ya mwisho Februari. Nikamwambia uwezekano wa yeye kuzidiwa ni mdogo, na kwamba anaweza kabisa kuipata tena, ikawa mafua kwake, akaipeleka kitandani kwa bibi. Hapo ndipo aliponitazama. Akachanjwa siku hiyo, baada ya mama yake.

Kinga ya mtaa

Barazani utasikia: "Sisi mtaa mzima tumeshapita." Fikra hiyo ina mantiki yake. Kama mgonjwa mmoja huambukiza watatu, na wawili kati ya kila watatu wana kinga, atabaki mmoja wa kumwambukiza, na ugonjwa haukui tena. Ndiyo asili ya ile theluthi mbili iliyotajwa sana 2020. Lakini hesabu hiyo inadai kinga iwe kamili na isichakae, nasi tumeshaona inavyochakaa. Pia Delta ilikuwa ikiambukiza zaidi ya watatu, kwa hiyo theluthi mbili zenyewe zisingetosha.

Ukiletewa tarakimu ya mtaa au nchi, anza kwa kuuliza ni damu za nani. Kenya walirudia upimaji Januari hadi Machi 2021, chanjo ikiwa haijasambaa, wakakadiria asilimia 48.5. Nusu ya nchi! Lakini wachangia damu ni watu wa miaka 16 hadi 64, wazima wa kutosha kutoa damu. Bibi wa Sahare hayumo. Mjomba hayumo. Na katikati ya mwaka huo Delta ikaja ikajaza wodi.

Manaus, kule Brazili kwenye mto Amazon, nako walitumia damu za wachangiaji, wakakadiria kwamba hadi Oktoba 2020 watu asilimia 76 walikuwa wameshaambukizwa. Januari 2021 mji huo uliishiwa oksijeni hospitalini. Maelezo yanayotolewa ni kwamba makadirio yalizidi, kinga ilikuwa imeanza kupungua, na aina mpya, Gamma, ilijua kuikwepa. Nadhani yote matatu yalichangia.

Weka pembeni yake Gauteng, Afrika Kusini. Mwishoni mwa 2021 walipima nyumba kwa nyumba, na kati ya ambao hawakuchanjwa asilimia 68.4 walikuwa na kingamwili. Wakati upimaji unaendelea ndipo Omikroni ilipotokea. Maambukizi yakapaa, lakini vifo havikupaa nayo kama mawimbi ya nyuma. Tarakimu inakaribiana na ya Manaus, na matokeo yako mbali kabisa. Gauteng ilikuwa imeshapita mawimbi matatu, na la Delta liliwaua watu wengi kabla kinga hiyo haijasimama.

Afrika kwa jumla, makadirio yaliyokusanywa na Shirika la Afya Duniani yalipanda kutoka asilimia 3 katikati ya 2020 hadi 65 kwenye robo ya tatu ya 2021, chanjo zikiwa chache mno. Ujana wetu ulitusaidia: sensa ya 2022 ilituonyesha Watanzania zaidi ya 4 katika kila 10 wako chini ya miaka 15. Wengi walioupata hawakujua. Lakini usikubali mtu akuambie kwamba hatukufa. Lusaka, Zambia, watafiti walipima maiti kwenye chumba cha kuhifadhia cha hospitali kuu kati ya Juni na Septemba 2020, wakakuta kirusi kwa asilimia kati ya 15 na 19. Wengi wao hawakuwahi kupimwa wakiwa hai.

Hesabu makaburi kabla ya kuhesabu kinga

Hili unaweza kulifanya bila maabara. Karibu kila mtaa una chama cha kufa na kuzikana, na katibu wake ana daftari. Muombe kwa adabu, mwambie unachotaka ni idadi na umri, majina yabaki kwake. Chagua miezi mitatu, mathalani Januari hadi Machi, halafu hesabu misiba ya miezi hiyo kwa mwaka 2018, 2019, 2020, 2021 na 2022. Tenga waliovuka miaka 60. Usilinganishe Januari na Juni, kwa kuwa misimu hutofautiana, na uliza kama wanachama waliongezeka katikati, la sivyo utahesabu ukuaji wa chama ukadhani ni ugonjwa.

Mimi nilikaa na katibu wetu jioni moja, taa ya umeme imekatika, tunamulika kwa simu. Daftari ni la kaunta, mistari myekundu kushoto. Kurasa za kawaida zina nafasi kati ya msiba na msiba. Februari 2021 mwandiko umebanana, mingine imeandikwa pambizoni kwa kalamu nyingine, michango haijajumlishwa. Yule mzee akaacha kufunua, akaweka kiganja juu ya ukurasa, tukakaa kimya kidogo kabla ya kuendelea.

Ukishapata hesabu hiyo ndipo uweke pembeni yake sentensi ya "mtaa mzima tumeshapita".

Cha kufanya nyumbani

Mwenye umri mkubwa au maradhi ya kudumu, hata kama aliugua akapona, apelekwe kuchanjwa chanjo inapopatikana. Kuugua na kuchanjwa kwa pamoja huacha kinga imara kuliko kimoja peke yake. Kijana mzima aliyeugua, wasiwasi wake mkubwa uwe juu ya anaoishi nao. Ukiwa na mafua, lala chumba kingine, fungua madirisha, vaa barakoa unapompelekea mzee chakula. Nyungu ukipiga, sufuria isiwe mahali watoto wanapopita, nimeona majeraha ya kuungua. Na isicheleweshe safari ya hospitali.

Kama mna uwezo, nunueni kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Kucha iwe safi: rangi ya kucha na piko hukidanganya. Kidole kiwe na joto, mgonjwa atulie, subiri namba isimame. Ikishuka chini ya 94 kwa mtu mwenye dalili, tafuta msaada siku hiyo. Chini ya 90 usingoje gari la bure. Usimpime mzee kwa namna anavyoongea, kwa sababu mjomba aliongea vizuri mpaka mwisho.

Mwaka 2022 mkaza mjomba aliniomba nimpime naye. Mstari wa G ukatoka, mzito. Safari hii kifaa nikakitupa kwenye ndoo ya taka za damu, nikachukua karatasi nikamwandikia kwa herufi kubwa: tarehe, kingamwili zimeonekana, miaka 66, presha, anaweza kuambukizwa tena, akipata homa au kuchoka apime oksijeni asubuhi na jioni, chanjo ya pili bado. Nikamsomea yote, akanirudishia kwa maneno yake mpaka nikaridhika. Ameibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo, kando ya ratiba ya vidonge vyake vya presha.